Chakula cha broila madukani Unguja na Pemba: cha polo, cha kupima na cha kuchanganya

Anayetaka kufuga broila (kuku wa nyama) 100 uani, awe Fuoni au Wete, huulizia kwanza bei ya kifaranga, kisha hutafuta polo (gunia) la chakula lililo rahisi kuliko yote. Hesabu huanza kuharibika hapo. Vifaranga, chanjo, mkaa na maranda kwa pamoja havifikii gharama ya chakula, kwani chakula peke yake hula kama theluthi mbili ya pesa zote. Madukani kwetu kinapatikana kwa namna tatu: polo la kilo 50 lililoshonwa kiwandani, cha kupima kwa kilo, na konsentreti, yaani mchanganyiko wenye protini nyingi, vitamini na madini, ya kuchanganya na mahindi.

Tuanze na polo la stata, yaani chakula cha vifaranga wachanga, maana hilo ndilo linalostahili pesa yake bila ubishi. Stata nzuri ina protini asilimia 21 hadi 23 na huja kwa chengachenga ambazo kifaranga anaziweza. Vifaranga 100 hula kama kilo 50 katika siku 14 za mwanzo, yaani polo moja tu. Kubana matumizi kwenye polo hilo moja ni hasara, kwa sababu mwili unaokosekana wiki ya kwanza haurudi wiki ya tano. Wapime siku ya 7: kifaranga aliyeingia na gramu 40 awe amefika 150 au zaidi. Akiwa chini ya 130, usikimbilie kulaumu chakula. Angalia kwanza joto la banda, ambalo siku za mwanzo linatakiwa liwe nyuzi 32 hadi 34, na idadi ya vyombo vya maji. Vifaranga wanaorundikana karibu na jiko hawali, hata uwape chakula gani.

Kwa groa na finisha, yaani chakula cha kukuzia na cha kumalizia kabla ya kuuza, chagua cha vidonge kuliko cha unga kama bei hazijapishana sana. Kwenye unga kuku huchagua punje kubwa na kuacha vumbi. Vumbi hilo ndilo lenye vitamini na madini, na huishia kwenye maji au kwenye maranda. Lakini chakula kingi kinavuka bahari kutoka Bara, kinapakiwa na kupakuliwa mara kadhaa, na vidonge huvunjika njiani. Mwombe muuzaji afungue polo moja, uchote juu na chini. Chini pakiwa unga mtupu, unalipia vidonge na kupata vumbi. Tazama pia lebo iliyoshonwa kwenye uzi: tarehe ya kutengenezwa, kiasi cha protini, na dawa iliyotiwa pamoja na siku za kuiacha kabla ya kuchinja. Polo lisilo na lebo liache dukani.

Bei ya polo peke yake inadanganya. Chukua mfano: polo la shilingi 75,000, yaani 1,500 kwa kilo. Kuku 100 wakila polo 7 na kufika kilo 1.8 kila mmoja kwa siku 35, umetumia 525,000 kupata kilo 180 za kuku hai, kama 2,900 kwa kilo. Sasa chukua polo la 68,000 lenye protini hafifu. Kuku wanahitaji kilo 2.3 za chakula kuongeza kilo moja ya mwili, kwa hiyo kilo 180 zilezile zinakula zaidi ya polo 8, karibu 563,000. Polo lililokuwa rahisi kwa 7,000 limekutia hasara ya 38,000, na bado kuku wamechelewa. Andika kila polo linaloingia bandani na upime kuku 10 kila wiki. Bila mizani hutajua chakula kipi ni ghali.

Cha kupima hatukipendekezi. Kilo yake ni ghali kuliko ya polo, polo linakaa wazi dukani, na wakati wa masika unyevu unaingia na ukungu unaota kabla hujaunusa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho. Utaona kuku wamedumaa na chanjo hazishiki. Kibaya zaidi, leo unapewa chakula cha kiwanda hiki na kesho cha kile, na kuku hupunguza kula kila kinapobadilishwa ghafla. Mwenye kuku 30 atumie polo moja pamoja na jirani aliyeingiza vifaranga siku hiyohiyo.

Konsentreti ina nafasi yake, kwenye finisha tu, na pale mahindi yanapokuwa rahisi na makavu. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye polo, usikisie. Mahindi yaparazwe, yasisagwe kama unga wa ugali. Changanya kwanza konsentreti na kilo chache za mahindi, kisha ongeza yaliyobaki kidogo kidogo huku ukigeuza kwa sepetu mpaka rangi iwe moja. Ukimwaga vyote pamoja, kuku mmoja atapata protini na mwenzake wanga.

Wengi huharibikiwa pale wanapoiacha konsentreti na kutia dagaa wa hapahapa. Dagaa ana protini nyingi, kweli, lakini anayechemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa chini hubeba chumvi na mchanga. Kuku hunywa maji kupita kiasi, maranda yanarowa, harufu kali inapanda, macho yanatoa machozi, na baadhi hufa wakiwa na maji tumboni. Soya mbichi nayo huzuia protini isisagike tumboni: ikaangwe vizuri kwanza. Machicha ya nazi yana nyuzi nyingi na huchacha upesi, waachie bata.

Uhifadhi ni juu yako. Weka mapolo juu ya mbao, mbali na ukuta, na usinunue zaidi ya chakula cha wiki tatu. Wakati wa kaskazi, joto la mchana huua kuku wakubwa walioshiba, kwa hiyo ondoa chakula kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, uwalishe alfajiri na baada ya magharibi. Maji yasikosekane hata dakika. Kuku hunywa angalau mara mbili ya uzito wa anachokula.

Ukifika siku ya 35, chakula bora kabisa kinaanza kuwa hasara. Kuku 100 wa umri huo hula kama kilo 16 kwa siku, ambazo kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 24,000 kila kukicha, na huku kuku wa barafu kutoka Brazil wanakushusha bei sokoni. Basi panga vifaranga kwa kuhesabu nyuma kutoka siku ya mauzo, iwe ni wiki ya Idi au oda ya hoteli, na uzungumze na wanunuzi kuku wakiwa na wiki tatu, kabla hujanunua polo la mwisho la finisha.