Kumchezesha Paka au Kumpapasa?

Kumpapasa hakugharimu chochote, lakini hutegemea ridhaa yake: paka wengi hufurahia kusuguliwa mashavuni na chini ya kidevu, ilhali wakiguswa tumboni hukunjua makucha, na mkia unaopigapiga sakafu ni ishara ya kuuondoa mkono mara moja. Kumchezesha hudai dakika 10 hivi kila siku pamoja na uangalizi, kwa kuwa uzi ukimezwa huweza kuudhuru utumbo. Hata hivyo, kwa paka mwoga asiyetaka kuguswa, kijiti chenye unyoya huwakutanisha mkiwa bado mbali, na hapo mchezo hushinda, kwa maoni yangu, bila ubishi. Paka mzee mwenye maumivu ya viungo atapendelea mkono mtulivu. Kwa mtoto wa paka anayeng'ata vidole, anza na kijiti.