Hadubini ya dola 85 na kangaja aliyepauka: uzoefu wangu

Hadubini hii niliinunua mwezi wa tano kwa mwanafunzi mmoja, njia ya Kasapa, aliyekuwa amemaliza masomo UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) na anauza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Aliomba dola 120, tukaishia 85, pamoja na boksi la vioo 50 na vifuniko vyake. Ni hadubini (wengi hapa tunasema mikroskopi) ya zamani, ya chuma, nzito kama pasi ya makala (mkaa). Inakuza mara 40, 100 na 400. Taa haina. "Papa, hii haina lampe, iko na kioo tu," kijana alinieleza kwa aibu kidogo, akidhani ananionyesha kasoro. Kwa jinsi kuran (umeme) inavyokatika Lubumbashi, kioo hicho ndicho kilichonifanya nitoe pesa mfukoni.

Nina akwariamu ya maji ya chumvi, lita 300, sebuleni kwangu Bel-Air. Ndiyo, bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na mke wangu ameshasema yote yanayoweza kusemwa kuhusu bei ya chumvi yake. Ndani yumo samaki aitwaye kangaja wa buluu, yule mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon kwa jina la kitaalamu. Wamo pia konokono kumi hivi na kamba mmoja mwenye mistari myekundu.

Mwezi wa nne kangaja alianza kupauka. Mara ya kwanza nilimwona usiku, kuran hakuna, nikammulika kwa tochi ya simu: rangi imefifia, mwili umejaa mabaka. Sikulala. Asubuhi nikamkuta buluu kama kawaida yake. Kangaja wengi hubadilika hivyo wanapolala, basi usingizi wangu ulikwenda bure. Ila wiki mbili baadaye alama zilikuwepo hata mchana. Kuzunguka macho na kwenye paji rangi ilikuwa imetoka, ngozi ina vishimo kama vya sindano, na kutoka hapo ulianza mstari mweupe uliofuata ubavu kuelekea mkiani. Alikula vizuri. Hakujikuna kwenye mawe, wala hakuhema haraka.

Nilimtumia picha yule aliyeniuzia samaki. Jibu lilifika kabla sijamaliza kutuma picha ya tatu: tia dawa ya shaba. Nilicheka peke yangu. Mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, leo naambiwa niinunue kwenye kichupa! Dawa hiyo si uongo. Inaua Cryptocaryon, vile vimelea vya madoa kama chembe za chumvi, na Amyloodinium, vinavyomfunika samaki kama unga wa rangi ya dhahabu. Lakini inaua pia konokono na kamba, mawe ya akwariamu huinyonya, na nafasi ya kukosea ni ndogo mno: shaba ya kawaida hulengwa kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ikipungua, vimelea vinaishi. Ikizidi, samaki ndiye anayeumia. Kumwaga kitu cha namna hiyo kwa kubahatisha sikutaka.

Sasa kazi yenyewe. Unamshika samaki kwa wavu, mikono ikiwa imelowa, halafu unapitisha ukingo wa kifuniko cha kioo juu ya ngozi, taratibu, kutoka kichwani kwenda mkiani, nyuma kidogo ya pezi la ubavu. Ute unaopatikana unauweka kwenye tone la maji ya akwariamu ileile. Siyo ya bomba, maana vimelea vya baharini hupasuka humo na utaona takataka tu. Tazama palepale, vikifa havitambuliki tena. Na kangaja ana wembe pande zote mbili za mkia. Hilo nililisoma mapema, nikalisahau, nikakumbushwa kwenye kidole gumba.

Kioo cha chini nakielekeza dirishani, kwenye mbingu nyeupe, kamwe si kwenye jua lenyewe kwa sababu jicho litaungua. Saa nne asubuhi wakati wa kiangazi mwanga ni mzuri kuliko lampe nyingi nilizotumia shuleni. Mara 40 inatosha kutafuta, mara 100 inatosha kutambua. Mara 400 nimeitumia mara mbili tu, na mara ya pili nilivunja kioo, kwa sababu skrubu ya kulenga inateleza na lenzi inashuka yenyewe polepole. Hii ndiyo kasoro kubwa ya mashine yangu. Nimeikaza kwa kipande cha mpira wa baiskeli, imetulia kiasi.

Kangaja nilimpima mara tatu ndani ya siku kumi, kwa kuwa kupima mara moja hakutoshi: Cryptocaryon hukaa kwenye samaki siku chache, kisha hudondoka na kuendelea na maisha yake nje. Mara zote tatu niliona magamba, ute, mchanga. Hakuna kilichotembea, hakuna kilichozunguka, hakuna mviringo mweusi ulioshikamana na ngozi. Kusema kweli mara ya pili nilikasirika. Dola 85 za kutazama ute!

Kilichonipa imani ni samaki mwingine. Katikati ya mwezi wa sita niliwekewa samaki mgeni, klauni, kwenye beseni la karantini, akiwa amefunikwa na utando mweupe kama maji ya mchele. Nikamkwangua, nikatazama: vijidudu vingi vyenye umbo la punje ya haragwe, vikiteleza huku na huko. Ni kimelea kiitwacho Brooklynella. Ugonjwa wake shaba haiuwezi, unatibiwa kwa dawa ya formalini, nami hadi nimeipata klauni alikuwa ameshakufa. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba kimelea kikiwepo, hadubini hii inanionyesha. Kutoona kitu kwa kangaja kulikuwa na maana.

Basi nikaacha kutafuta mdudu, nikatazama chujio. Mkaa maalumu wa kuchuja maji ulikuwa umeniishia mwezi wa tatu, nikaagiza mpwa wangu atwange makala ya kupikia kwenye kinu. Tulisuuza mara moja, haraka, na maji yalikuwa bado meusi. Ugonjwa wa kangaja una jina, mmomonyoko wa kichwa na mstari wa ubavu, na kuna jaribio lililochapishwa 2011, lililofanyiwa kangaja wa Atlantiki, ambapo waliowekewa mkaa wa lignaiti (aina ya makaa ya mawe laini) majini waliupata. Makala yetu si lignaiti, kwa hiyo siapi. Lishe mbaya nayo hutajwa, na kangaja wangu alikuwa akila vidonge vikavu tu. Nilitoa makala yote, nikabadilisha maji robo kila wiki, nikaanza kumpa mwani wa karatasi na mboga iliyochemshwa kidogo.

Leo ni mwezi wa tisa. Mstari wa ubavuni umerudi buluu karibu wote. Paji limejaa nusu. Vishimo viwili karibu na jicho la kushoto vipo palepale, nadhani atabaki navyo. Konokono na kamba wazima.

Hadubini naipa 7 kwa 10. Nimeondoa moja kwa skrubu, moja kwa sababu meza yake haina kishikio cha kusogeza kioo hivyo unasukuma kwa kidole, na moja kwa ukungu ulioingia kwenye lenzi ya 400. Ukitaka kununua ya namna hii, izungushe lenzi zote mbele ya muuzaji, ondoa mkono, hesabu hadi mia, uone kama picha bado iko wazi. Mimi niliangalia rangi ya chuma tu. Picha za simu hupatikana ukishikilia kamera juu ya tundu la jicho kwa bomba la karatasi ya chooni. Zangu nimemtumia yule muuzaji wa samaki, ameniandikia kwamba hata hivyo, kwa usalama, nitie shaba.