Koha kwa maktaba ya shule na chuo: nzuri, ila inataka mtu wa kuishika

Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, ilizaliwa New Zealand. Maktaba za Horowhenua zilihofia kwamba mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka 2000, zikaipa kazi kampuni ya Katipo, na mwanzoni mwa Januari 2000 Koha ikaanza kuazimisha vitabu. Jina ni la Kimaori, maana yake zawadi. Waliitoa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, ndiyo maana hadi leo hulipii leseni hata ukifikisha vitabu laki moja na matawi kumi. Gharama yake ni seva, umeme na mtu anayeijua Linux, mfumo endeshi ambao Koha hukaa juu yake. Shule isiyo na mtu huyo isianze.

Kuisakinisha kwenye Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, ni kazi ya asubuhi moja: MariaDB (hifadhidata), koha-common (kifurushi cha Koha yenyewe), kisha amri koha-create --create-db shule, ambapo shule ni jina unaloipa maktaba yako. Ukiuweka ukurasa wa wakutubi kwenye poti 8080, kama wengi wafanyavyo, andika Listen 8080 kwenye faili ports.conf ya Apache, yaani seva ya wavuti, la sivyo hautafunguka kabisa. Nywila ya kuingilia mara ya kwanza utaipata kwa amri koha-passwd shule. Akaunti hiyo ni ya kuanzishia tu, usiazimishie vitabu.

Kuorodhesha vitabu ndiko Koha inakopendeza zaidi. Andika ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, itafute kwa Z39.50, njia ya maktaba kutafutiana rekodi, kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, na rekodi ya MARC, muundo wa kawaida wa rekodi za maktaba, inashuka imekamilika. Kinachobaki ni kujaza sehemu ya 952 ya rekodi, yaani tawi, aina ya kitabu na msimbo pau. Vitabu vyetu vya Kiswahili mara nyingi havipatikani huko, kwa hiyo tenga muda wa kuvijaza kwa mkono. Ukiingiza rekodi nyingi kwa mpigo halafu zisionekane kwenye utafutaji, hazijapotea. Faharasa ya utafutaji ndiyo haijajengwa; ijenge kwa amri koha-rebuild-zebra -f -v shule.

Kabla ya kumwazimisha mtu yeyote, weka kanuni za uazimishaji. Bila hizo mfumo unagoma. Jaza pia kalenda, maana Jumapili isiyowekwa humo itahesabiwa kwenye faini ya mwanafunzi.

Nakala rudufu hutengenezwa kila usiku katika /var/spool/koha, ila ni za siku mbili tu na ziko kwenye diski ileile. Diski ikifa zinakufa nazo. Zihamishie kwingine kila siku.

Kasoro inayotuuma sisi ni lugha. Koha hukamilisha mwisho wa neno, ilhali Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayetafuta kitabu hapati vitabu, wala mti haumpeleki kwenye miti. Dawa ni kuandika maumbo yote mawili kwenye vichwa vya mada, umoja na wingi, tangu rekodi ya kwanza.