Kontena la karatasi za maua: pima kitako, usipime mdomo

Karatasi 46 zimeharibika kona. Ni karatasi za maua na za mistari ya dhahabu nilizokusanya tangu mwaka jana kwa ajili ya kadi za kipaimara. Nilipozitoa kwenye kontena mwezi wa tano, kila moja ilikuwa imepinda pembe zote nne kama manda ya sambusa. Ukiikata pembe unapoteza ua la pembeni, na kwenye kadi ua la pembeni ndilo mteja analolipia.

Kontena nililinunua hapahapa Moshi kwa 32,000. Plastiki ngumu, linaonyesha ndani, mfuniko unabana vizuri. Dukani nilitoa futi nikapima mdomo, nikapata sentimita 33 na nusu. Karatasi za albamu na kadi zinazotoka nje nyingi ni inchi 12 kwa 12, yaani sentimita 30 na nusu kila upande, nikaona nafasi ipo ya kutosha, nikalipa. Siku ya kuzitoa ndipo nilipopima kitako: sentimita 28.

Kwa hiyo sitaongelea rangi, wala magurudumu, wala kama mfuniko una mshikio. Hayo utayaona mwenyewe. Nataka tuongelee kitako, kwa sababu hakuna muuzaji atakayekuambia habari zake.

Makontena mengi ya plastiki hutanuka juu na kubana chini. Yanatengenezwa hivyo ili yachomoke kwenye kalibu, na ili yaingiane wakati wa kusafirishwa. Dukani unayakuta yamepangwa moja ndani ya lingine kama vikombe vya plastiki. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji futi: kontena likizama ndani ya mwenzake, ujue limebana chini. Pili, pitisha kiganja kwenye kona za ndani. Zikiwa za mviringo, punguza sentimita nyingine mbili tatu. Tatu, gusa sakafu yake. Nyingi zina matuta ya kuipa plastiki nguvu, na karatasi ya chini ikilaliwa na wenzake mwezi mzima inachukua alama ya yale matuta. Karatasi 100 za inchi 12 zenye uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba zinakaribia kilo 2. Huo si uzito mdogo kwa ile ya chini.

Masika ndiyo yanayomaliza kazi. Machi hadi Mei hewa ya Moshi ina maji, na karatasi inayavuta. Nyuzi zake zinanenepa, inalegea, inafuata umbo la chombo ilichomo. Jua la Juni likija inakauka ikiwa na umbo hilohilo. Nimejaribu kuzilaza chini ya vitabu vizito wiki mbili. Katikati zimenyooka, pembe zimekataa.

Sasa chaguo zenyewe, kuanzia ninalolipenda.

La kwanza ni kasha la plastiki la kampuni ya IRIS, la karatasi za inchi 12, na sifichi kwamba nalipendelea. Limetengenezwa kwa karatasi hizi hasa, hivyo karatasi inalala chini bila kugusa ukuta. Ni jembamba kwenda juu, linaonyesha ndani, lina lachi za kufungia, na yanapangika moja juu ya lingine. Wengine wanalalamika kwamba linabeba karatasi chache. Kwangu huo ndio uzuri wake: karatasi chache, uzito mdogo, na huchimbui rundo zima kutafuta moja ya madoadoa. Ninayo mawili, dada yangu aliniletea kutoka Marekani alipokuja Krismasi. Ukiwa na ndugu anayekuja Desemba, mwambie ayajaze nguo ndani, hayataiba nafasi kwenye begi. Ya kwangu yamepita masika mawili na hakuna pembe iliyopinda.

La pili litawashangaza: tranka. Hilihili la bati wanalobeba wanafunzi wa bweni. Mafundi bati wanalikunja kwa pembe kamili, kuta zinasimama wima, kitako ni sawa na mdomo na ni tambarare. Ukichukua lenye upana wa ndani wa sentimita 62 na zaidi, mirundo miwili inakaa bega kwa bega. Ubaya wake ni kutu na ubaridi: usiku bati linapoa na unyevu wa hewa unakuwa matone ndani. Lipake rangi ndani pia, liache wiki nzima lipoteze harufu, tandika kadibodi safi, weka vifuko vya chumvichumvi vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usiliweke juu ya sakafu ya saruji. Nunua mwezi wa tatu au wa nne. Januari, shule zikifunguliwa, tranka lilelile bei inapanda na hakuna anayekusikiliza.

La tatu ni rafu ya fundi seremala. Plywood ya futi 8 kwa 4 ni sentimita 244 kwa 122. Ukimwambia akate vipande vya mraba vya sentimita 33, unapata 21 kwenye ubao mmoja, hapo bado kuta. Acha sentimita 4 tu kati ya rafu na rafu, na apige vanishi pande zote, maana mbao tupu zina asidi inayofanya karatasi kuwa njano. Simama naye anapopima. Fundi wangu alipima kwa jicho, rafu zikatoka sentimita 30.

Droo za plastiki za ghorofa sizipendi. Zinabana chini vilevile, zinalegea katikati, na vumbi la Januari linapita juu ya kila droo. Boksi faili ni la A4. Boksi la pitsa ni la pitsa.

Kuhusu mifuko ya plastiki ya kutenganishia karatasi: tafuta namba ndani ya pembetatu. 2, 4 na 5 ni salama. 3 ni PVC, achana nayo, inanata kwenye wino.

Na wauzaji, naomba mnisikie. Mnaandika “lita 20, lita 35”. Lita za nini? Siweki maziwa. Lita haziniambii kitako kina upana gani. Mnapiga picha ya kontena kwa juu, bei “njoo inbox”, ukija inbox unaulizwa uko wapi, ukisema uko Moshi bei inabadilika. Wiki iliyopita nimekwenda dukani na kipande changu cha kadibodi nilichokikata sentimita 30 na nusu, nikaomba kukilaza ndani ya kontena. Kijana akaniambia, “Mama, kama hununui usifungue.” Nimekwenda duka la tatu ndipo nikaruhusiwa. Makontena tisa nimeyajaribu, kadibodi ikalala chini kwenye moja tu, na hilo lilikuwa limepasuka mfuniko.