TAHADHARI: Muuza "merelaniaiti" anayezunguka Dodoma ni TAPELI, msimtumie hela

Wadau wa kukusanya mawe, naandika mikono ikitetemeka. Kama kuna yeyote kati yenu anayewasiliana na yule kijana wa maboksi madogo ya Mirerani, anayejiita broka (dalali wa madini), asitume hata shilingi. Amenipiga 300,000. Alikaa mbele yangu, akanywa chai niliyomnunulia mimi, akaniita dada, akanieleza jiwe langu vizuri kuliko ninavyolieleza mwenyewe, akachukua hela akaenda zake.

Mnajua nilivyoihangaikia merelaniaiti. Sirudii yote. Kwa wageni tu: ni madini ya kwetu, yalitambuliwa rasmi mwaka 2016 na kupewa jina la Merelani (ndiyo Mirerani hiyo hiyo), machimbo yale yale ya tanzanaiti kule Simanjiro. Ina molibdenumu, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Ukiishika kwa mkono utadhani ni uchafu umenasa kwenye jiwe, maana ni nywele tu, nyeusi zenye mng'ao wa chuma, nyembamba mno. Ukiiweka chini ya hadubini ndipo unaona kwamba kila unywele ni matabaka yaliyojiviringisha kama mkeka uliokunjwa. Jiwe lenye jina la Merelani limejaa kwenye makabati ya watu Ujerumani na Marekani, na mimi niliyezaliwa nchi hii sina hata unywele mmoja. Hilo lilikuwa linaniuma, na yeye alilijua, kwa sababu nililisema mbele za watu.

Mimi mawe yangu ni ya huku. Krisopraisi ya Haneti, rubi ndogo ndogo za Winza ambazo wachimbaji walizimwaga kama mchanga tangu watu walipofurika kule Mpwapwa mwaka 2008, hayo nikiyaona nayajua. Mirerani nilikuwa naijua kwa picha.

Tulikutana mgahawani karibu na Nyerere Square, saa nne asubuhi. Alinisalimia "mbukwenyi", akasema mama yake ni wa Mvumi. Viatu vina vumbi, macho mekundu, anasema basi la Arusha limemchelewesha Kondoa usiku kucha. Nikamhurumia, nikamwagizia chai na chapati. Akatandika kitambaa cheupe juu ya meza, taratibu, akakinyoosha pembe zote kwa kidole. Akaanza kutoa maboksi, moja moja, kila moja amelifunga kwenye pamba.

La kwanza alilifungua mwenyewe. Vipande vya kinywe (grafaiti) vya pembe sita, vinang'aa, safi kabisa. Nikatoa lensi yangu ya mara 10, nikaangalia, nikaona ni kinywe kweli. La pili lilikuwa prenaiti ya kijani hafifu. Nilikuwa nimeshaipenda. Akanizuia. "Hapana dada, hii siwezi kukuuzia, ona hapa imepasuka." Nikaangalia tena. Kweli kulikuwa na ufa mwembamba chini kabisa ambao mimi sikuuona. Akalirudisha kwenye pamba akaliweka pembeni. Jamani, mtu anayekataa kuchukua hela yako kwa sababu jiwe lina ufa, wewe ungemfikiriaje?

Kisha akatoa hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Akaweka boksi la tatu chini yake, akazungusha kile kigurudumu mpaka picha ikakaa sawa, akanigeuzia simu. Ndiyo hiyo. Unywele mmoja umesimama juu ya stilibaiti nyeupe, wa duara, laini pembeni, na nchani unaona kabisa matabaka yamejizungushia. Nilisahau hata chai. Akaanza kunisimulia: mwaka wa kutambuliwa, vanadi, inavyokaa pamoja na kinywe na diopsaidi. Yote sahihi, nimehakiki baadaye na hakukosea neno. Ile moja mpaka leo naamini ilikuwa ya kweli. Ndiyo chambo chake.

Ile hakuuza. "Hii ni ya mzungu mmoja ameshalipia." Akasema anazo nyingine nne kutoka mwamba huo huo, akazitoa mfuko wa ndani wa begi. Vifuniko vimezungushiwa selotepu. "Hizi usifungue hapa, dada. Upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe. Ukifungua hapa, nywele zinaondoka na pumzi." Mhudumu alipopita na trei, akaziba maboksi kwa viganja vyote viwili, kabisa kama mtu anayelinda kifaranga.

Sasa nisikilizeni, maana najua kuna watakaosema kwa nini hukufungua. Sisi wenyewe ndio tunaofundishana hivyo! Unywele ukiguswa umekwisha. Boksi halifunguliwi nje. Halifunguliwi mbele ya feni. Mimi mwenyewe nimewafokea vijana hapa kwa kufungua maboksi mezani. Kwa hiyo aliposema usifungue, nilisikia mtu anayejua kazi. Nikaangalia kwa lensi kupitia plastiki, nikaona nywele nyeusi zimesimama juu ya jiwe jeupe. Jiwe lenyewe ni stilibaiti halisi, hata sasa nasema ni halisi. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Boksi moja 80,000, manne akaniachia 300,000. Nikatuma pale pale. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Akasema laini yake imefungiwa, hiyo ni ya mke wake. Tukaagana, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Jumapili mlikuwepo nyumbani Area C, wengi wenu, kwa hiyo aibu yangu mliiona kwa macho. Kwa wasiokuwepo: nimealika watu, nimepika, nimetangaza wiki nzima kwamba merelaniaiti imefika Dodoma. Mzee wetu wa mtaa wa Kikuyu ndiye alikaa wa kwanza kwenye hadubini, kwa heshima yake. Akaangalia. Akazungusha juu, akazungusha chini. Akanyamaza muda mrefu mpaka watu wakaanza kunitazama mimi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, humu ndani una sumaku?"

Mwanangu akabandua sumaku ya mlango wa friji. Mzee akaisogeza pembeni ya boksi, kifuniko bado kimefungwa. Nywele zote zikainama upande mmoja. Akazungusha sumaku upande wa pili, zikafuata.

Ni stiliwaya. Ile ile tunayosugulia masufuria. Kakata nyuzi, kazibandika kwa gundi juu ya stilibaiti, kafunga selotepu. Tulipofungua na kukuza mara 40 kila kitu kikawa wazi: nyuzi zina kingo kali na michirizi mirefu ya chuma kilichokwanguliwa, hakuna duara hata moja. Chini ya kila uzi kuna kitone cha gundi chenye viputo vya hewa, na pembeni jiwe limepata ukungu mweupe unaoachwa na gundi zile za kukauka haraka. Kwenye boksi la nne uzi mmoja ulikuwa umeshaanza kutu, kidoa cha rangi ya chungwa, kinaonekana kabisa. Hakuna chuma cha kushika kutu kwenye merelaniaiti!

Watu walinipa pole. Dada mmoja akaanza kukusanya vyombo ili tusiendelee kuzungumza. Nilitamani ardhi ipasuke. Na hela ile haikuwa ya mchezo, mnaojua ilikuwa ya nini mnajua, na nyumbani bado sijaweza kulizungumza hili kwa utulivu.

Nimekwenda kituoni, nina RB (namba ya taarifa ya polisi). Namba yake ya simu nimeituma 15040 kama tunavyoelekezwa. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 7 jela, na mimi nataka miaka yote 7, usipungue hata mwezi. Gereza la Isanga lipo hapa hapa, si mbali. Nataka aletwe na kile kitambaa chake cheupe na akitandike mbele ya hakimu. Nataka ile hadubini yake ya simu ichukuliwe iwe kielelezo. Na huyo "mke" mwenye laini naye aitwe aeleze, kwa sababu hela iliingia kwake. Nasikia kuna wanaosema tumsamehe kwa kuwa ni kijana anatafuta maisha. Kutafuta maisha gani huko? Wachimbaji wa Mirerani wanashuka chini ya ardhi wakipata kipande chenye unywele mmoja wa kweli hawajui kama kina thamani, yeye anakaa mjini na stiliwaya. Na baada yake, mwanaapolo (mchimbaji wa Mirerani) mkweli akija na boksi halali Dodoma nani atamnunulia? Mimi? Nitaanza kumwangalia kama mwizi kabla hajakaa, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko hizo hela.

Mtajuaje ni yeye. Hafanani na tapeli, mjue hivyo. Anaonyesha kizuri kimoja wazi, halafu vinavyouzwa vinatoka mfuko mwingine na vimefungwa selotepu. Anayekuuzia kitu cha hadubini akubali kukifungua ndani, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, au akubali kukutana mahali penye hadubini. Akikataa vyote viwili, ondoka. Sumaku ya friji ni bure, tembea nayo. Kitambulisho chake cha broka alikipitisha mbele yangu haraka na kukirudisha. Sheria inataka anayefanya biashara ya madini awe na leseni, basi shikeni hiyo karatasi mkononi msome jina, lilingane na jina la kwenye simu. Jina la muamala lisipolingana, simama hapo hapo.

Kingine nilichokijua jana. Mtu wa Singida ameniambia kijana huyo huyo amemwahidi "nyerereiti", madini ya lava ya volkano ya Oldoinyo Lengai, fuwele za kuonekana, ndani ya boksi la kawaida la plastiki. Jamani! Nyerereiti haivumilii unyevu. Lava ya ule mlima inatoka nyeusi na ndani ya siku chache inageuka nyeupe kwa sababu ya unyevu wa hewa tu. Wanaoitunza huifungia hewa isiingie kabisa. Boksi la selotepu lililosafiri kwenye basi kutoka Arusha kupitia Babati? Kitakachofika ni unga. Na jina lile ni la Mwalimu, madini yaliitwa kwa heshima yake, huyu analitembeza mfukoni na gundi. Sijui nimwombee adhabu gani zaidi.

Namba yake siiweki hadharani kwa sababu nimeelekezwa hivyo kituoni. Anayetaka kulinganisha na aliyonayo aniandikie faragha nitamwambia ndiyo au hapana. Waliokwisha nunua kwake, msitupe hayo maboksi wala msibandue nyuzi, ni ushahidi. Leteni na ujumbe wa muamala, tukiwa watatu wanne kesi inakuwa na uzito.

Na wewe wa Singida, najua mmepanga Jumamosi stendi. Usimwambie chochote, usiahirishe. Nipigie leo jioni, kuna askari mwenye jalada langu anataka kuzungumza na wewe kabla hujaondoka nyumbani.