Kituo cha maandalizi ya chuo kwa fomu siksi pale Makole, Dodoma: nawapa nyota nne kati ya tano

Akina mama wenzangu wa hapa Dodoma mmeniuliza sana kama kile kituo cha ushauri cha pale Makole kinafaa, kile kinachowachukua vijana wa kidato cha sita kuanzia Januari mpaka wanapopata chuo, na kujibu mmoja mmoja wasapu siwezi, hivo naandika hapa mara moja kwa kirefu. Binti yangu kapita pale, kombi yake EGM (uchumi, jiografia na hisabati), anasoma kutwa, alikuwa anaenda Jumamosi. Kinafaa. Ila sio kwa sababu zile walizoandika kwenye bango lao.

Bango linasema watamfikisha mtoto chuo cha ndoto zake. Hilo hakuna mtu anayeweza kuliahidi, na mtu yeyote akikuahidi hivo kwa hela mkimbie. Siku hizi mwanafunzi anaomba mwenyewe moja kwa moja kwenye chuo, kitabu cha mwongozo cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, kozi zote zimo humo, vigezo vimo, mpaka idadi ya nafasi za kila kozi imo. Kwa hiyo kama unalipa elfu tisini ukitegemea kuna mlango wa nyuma, baki na elfu tisini yako. Wanachokupa hawa watu ni kitu kingine, wanamtoa mtoto kwenye kutojua, na mimi baada ya kumuona binti yangu kabla na baada naamini kabisa kwamba sehemu kubwa ya stresi ya hawa watoto ilikuwa ni kutojua, na sehemu iliyobaki ilikuwa ni sisi wazazi.

Chukua ratiba tu. Mtihani wa taifa wa NECTA unafanyika Mei, wakimaliza wengi wanaitwa JKT, jeshi la kujenga taifa, kwa mujibu wa sheria, matokeo yanatoka kama Julai hivi, na katikati ya hapo hapo dirisha la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, linakuwa wazi na maombi ya vyuo yanaanza. Sasa mtoto yuko kambini Makutupora au kapangiwa mkoa wa mbali huko, simu hashiki kila saa, na wewe mzazi nyumbani hujui hata pasiwedi yake. Kituo wanakaa na watoto mapema sana kabla ya pepa wanahakikisha kila mtu ana faili lake, cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho kimehakikiwa, namba ya mtihani ya fomu foo ipo, mdhamini anajulikana ni nani na kitambulisho chake kipo, na majina yanafanana kwenye karatasi zote. Hili la majina ndo linaumiza watu aisee. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha fomu foo kinasema vile, herufi moja tu, na ukiligundua hilo siku tatu kabla dirisha halijafungwa utalia. Pale waligundua kwa watoto kadhaa mwezi wa pili, wakaenda kwa mwanasheria taratibu bila kukimbizana.

Na kitu kingine ambacho sikukisikia kwa mtu yeyote kabla: namba ya simu inayojazwa kwenye maombi ya chuo. Mtoto akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja, na ile namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwa meseji au barua pepe. Sasa kuna wale wa steshenari wanaojazia watu fomu, wengine wanaweka namba zao na barua pepe walizotengeneza wenyewe kwa haraka, halafu mwezi wa tisa unaanza kumtafuta kijana aliyekujazia na hayupo tena dukani. Kituo wanamfundisha mtoto kufungua barua pepe yake, anaandika pasiwedi kwenye daftari la nyumbani, na namba inawekwa ya laini ambayo itakuwa hewani hata akiwa JKT. Ni jambo dogo lakini mtu anaweza kupoteza nafasi kwa hilo.

Halafu pointi. Jamani hizi pointi zinachanganya hata watu wazima. NECTA A ni 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo pointi chache ndo furaha, divisheni wani inaanzia 3 mpaka 9. Ukienda kwenye udahili wa vyuo mambo yanageuka, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, hapo nyingi ndo nzuri. Kiwango cha chini cha jumla kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo ambayo kozi inayataka, lakini kozi nyingi zinataka zaidi ya hapo, na kukidhi vigezo sio kuchaguliwa, maana kwenye kozi zenye ushindani mnagombania nafasi zilizopo. Binti yangu hakuwa anajua haya, na walimu shuleni siwalaumu, wana silabasi ya kumaliza.

Walichofanya pale wamechukua matokeo ya mok, mtihani wa majaribio, ya kila mtoto wakamwambia aandike hali tatu, ikiwa matokeo ya Mei yatakuwa kama mok, ikiwa yatapanda, na ikiwa yatashuka, na kwa kila hali achague kozi na vyuo kwa kutumia ule mwongozo. Mpaka hali mbaya kabisa ikaandikwa, kwamba ukikosa shahada mwaka huu kuna diploma, na diploma ukitoka na GPA ya 3.0 bado unaweza kuomba shahada. Mimi mwanzoni nilijiuliza kwa nini mtoto aandikiwe habari za kushindwa kabla hata hajafanya mtihani. Lakini yule binti alikuwa halali, anakaa na vitabu mpaka saa tisa usiku, mikono inatetemeka, na baada ya ile karatasi kuandikwa na kubandikwa ukutani chumbani kwake akaanza kulala. Aliniambia "Mama, kumbe hata ikiwa mbaya nina pa kwenda." Basi mimi hapo nikaona hela yangu imerudi.

Sasa vile vipindi vya stresi vyenyewe. Kuna dada mmoja mwanasaikolojia, mpole, anaongea nao lugha yao. Anawafundisha kupumua kabla ya pepa, unavuta taratibu, unatoa kwa muda mrefu zaidi ya uliovuta, anawafanyisha kweli kweli darasani wakiwa na pepa ya hisabati mbele na saa inakimbia, sio kwa maneno. Anawakataza kusoma kwa kurudia rudia madaftari tu, wafunge daftari wajiulize, wafanye pasti pepa kwa muda uleule wa mtihani. Na usingizi, hapo ndo mkali. Anasema kijana wa umri wao anahitaji saa 8 mpaka 10 kwa usiku, na zile enaji drinki wanazokunywa ili wakeshe wakisoma zinabaki mwilini masaa mengi, kwa hiyo hata akilala hapumziki vizuri na kesho hakumbuki alichosoma. Wengi wao walikuwa wanaona kulala ni uvivu, na hiyo wameitoa kwetu.

Ila kilichonigusa zaidi ni habari ya Mirembe. Sisi wa Dodoma tuna letu. Hospitali ya taifa ya afya ya akili iko hapa hapa kwetu, na toka tuko wadogo mtu akikosea kidogo anaambiwa apelekwe Mirembe, tumekua tunacheka na hilo neno. Matokeo yake mtoto analia usiku, hali chakula, kichwa hakitulii, hawezi kusema maana anajua akisema atatangazwa mtaa mzima. Yule dada kalianza hilo siku ya kwanza kabisa. Akawaambia Mirembe ni hospitali kama Mkapa au General, watu wanaenda wanatibiwa wanarudi nyumbani, na akawapa vikaratasi visivyo na jina kila mtu aandike anachoogopa. Vilivyosomwa binti yangu alinisimulia. Mmoja kaandika baba yangu ameuza ng'ombe kwa ajili ya ada yangu. Mwingine kaandika nikifeli sijui nitaishi wapi. Watoto wa miaka kumi na nane hao. Na dada aliwaambia wazi kwamba kama hali ya kukosa raha na usingizi inapita wiki mbili, au mtu anaanza kuwaza bora asiwepo, hiyo sio ya kusubiri Jumamosi ije, ni ya kumwambia mtu mzima leo na kwenda hospitali leo. Hajifanyi yeye ndo tiba ya kila kitu, na kwa hilo namheshimu sana.

Kipindi cha wazazi ndo bora kuliko vyote na ndo ambacho watu wanakikwepa. Wanatuita na watoto wetu, mnakaa pamoja. Kulikuwa na mzee mmoja katoka Bahi na mjukuu wake, kombi yake PCM (fizikia, kemia na hisabati). Dada akamsalimia, "Shikamoo mzee wangu, mjukuu anataka kusoma nini?" Mzee akajibu, "Marahaba. Huyu injinia huyu." "Amekwambia mwenyewe?" Mzee akanyamaza kidogo akamgeukia kijana, "Haya babu, sema." Kijana kainamisha kichwa akasema anataka ualimu wa fizikia. Sote tukanyamaza tukisubiri mzee awake, lakini swali lake likawa moja tu, "Na mkopo wanatoa?" Akaelezwa kwamba kozi za ualimu wa sayansi zimekuwa kwenye vipaumbele vya mikopo, kwamba HESLB wanaangalia pia uhitaji wa familia, na wenye ufaulu wa juu kabisa kwenye sayansi kuna ufadhili wa Samia. Na akaambiwa ukweli mwingine, kwamba mkopo ni deni, kijana akiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka liishe, sio hela ya bure. Mzee akamwambia mjukuu wake, "Basi kasome hiyo fizikia yako."

Kwetu nyumbani uhasibu ulishapangwa na baba yake toka binti yuko kidato cha pili. Pale mbele za watu akasema anataka takwimu. Baba yake hakufurahi siku ile siwadanganyi, lakini tulipewa karatasi ya maneno ya kutosema wiki za pepa, yamo "mtoto wa fulani kapata wani ya tatu", yamo "ukifeli usirudi hapa", na mume wangu aliisoma yote ndani ya daladala kimya mpaka tunashuka. Mwezi wa tano wote sikusikia hata moja ya hayo maneno ndani ya nyumba yangu.

Sasa kwa nini nyota nne. Chumba cha mazungumzo ya faragha kimetengwa na pazia. Pazia! Mtoto anaelezea mambo yake ya ndani na aliyekaa kwenye benchi anasikia, hili nimewaambia uso kwa uso na nalirudia hapa, watafute mlango. Mwanasaikolojia ni mmoja kwa watoto wote wale, anayetaka kuongea naye peke yake anasubiri, na Aprili pepa zikikaribia foleni inakuwa ndefu kweli wakati ndo wanamhitaji zaidi. Dirisha la vyuo likifunguliwa Julai pale panajaa, intaneti inakata, wazazi wamesimama mpaka nje juani. Vyuo vya hapa wanavijua vizuri, UDOM, St. John's, Mipango, CBE, waliwapeleka watoto UDOM wakatembea kutoka kitivo kimoja mpaka kingine wakaona ule umbali kwa miguu yao, nauli mlijitegemea, lakini ukiwauliza vyuo vya mikoa mingine kama SUA au Ardhi au MUHAS majibu yanakuwa mepesi, wanakusomea tu kilichoandikwa kwenye mwongozo. Na grupu la wasapu limeingiliwa na watu wa matangazo, meseji ya muhimu ya HESLB unaikuta chini ya mia za kuuza vitenge, admini wafanye kazi yao.

Elfu tisini inalipwa kwa awamu mbili, haina tuisheni ya masomo, msije mkategemea mtoto atafundishwa hesabu. Mwenye kijana wa bweni mbali, Kongwa au Mpwapwa huko, kwa sasa haitamsaidia sana maana vipindi ni vya Jumamosi, labda ile wiki ya faili na kipindi cha wazazi, waulizeni kama wanapokea kwa hivyo viwili tu, bei wanaongea. Mkienda kuandikisha nendeni siku za kazi asubuhi, bebeni namba ya mtihani ya fomu foo ya mtoto, kopi ya cheti cha kuzaliwa na namba yako ya NIDA, na kama mtoto anataka kuongea na yule dada faraghani ombeni Jumatano mchana, ndo siku ambayo hakuna watu kwenye benchi.