Siku Njombe ilipoipita Dar es Salaam: uzoefu wangu na R

Miaka yote grafu zangu za mihimili nilizitengenezea kwenye Excel, na hatukuwa na ugomvi. Nilihamia R, lugha ya kompyuta ya kuchakata takwimu, kwa uvivu tu: kila robo mwaka jedwali ni lilelile, namba ndizo zinabadilika, nami nilichoka kubofya yaleyale upya. R na ggplot2, kifurushi chake cha nyongeza cha kuchorea grafu, ni bure, na laptopu yangu kuukuu inavimudu bila kulalamika.

Kwa kujaribu nikachukua idadi ya watu ya sensa ya 2022, mikoa 26 ya Tanzania Bara. Nikaandika amri ya kuchora mihimili, geom_bar, R ikanigombeza papo hapo. Kumbe yenyewe kazi yake ni kukuhesabia safu mlalo za jedwali; kama jumla unazo tayari, tumia geom_col. Haya. Nikabadilisha, grafu ikatoka, na mhimili mrefu kuliko yote ukawa wa Njombe!

Njombe ina watu 889,946. Dar es Salaam 5,383,728. Nilikodoa macho weee, mpaka nikaziona zile koma. read.csv, amri ya kusomea faili la data, ikikuta koma ndani ya namba huichukulia safu wima nzima kuwa maneno, na maneno hupangwa kama kwenye kamusi: linaloanza na 8 huja baada ya linaloanza na 5, hivyo mhimili wake hupanda juu zaidi. Onyo hakuna. Grafu inatoka safi, inapendeza, na ni uongo mtupu. Nikafuta koma kwa gsub, nikageuza kwa as.numeric, Dar ikarudi kileleni. Baadaye ndipo nikajua kwamba read_csv ya kifurushi cha readr huzisoma namba hizo vizuri tangu mwanzo.

Mengine ni madogo. Mikoa hujipanga kwa alfabeti mpaka utumie reorder. Milioni tano huandikwa 5e+06, na bosi aliniuliza kama ni namba ya chumba; label_comma ya kifurushi cha scales ilimaliza hilo. Majina yakibanana, laza mihimili.

Siku hizi robo ikiisha nabadilisha jina la faili tu, naendesha skripti (faili lenye amri zangu), na chai haijapoa grafu zote ziko tayari. Kwa grafu moja ya haraka bado nafungua Excel, sifichi. R naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya Njombe.